Jarida la Wapiga Gitaa Watu Wazima

Jumamosi moja asubuhi Zainabu aliyapanga majarida matatu juu ya mfuniko wa mashine ya fotokopi, akavuta kigoda, akaanza kuyasoma kwa chuki. Steshenari yake iko Mji Mpya, katikati ya fundi viatu na duka la vocha, na asubuhi hiyo wateja walikuwa wa kuokoteza. Ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme, na mtu mwenye akili hatoki na cheti chake cha kuzaliwa kwenye unyevu wa namna hiyo.

Kazi ya kuchagua jarida alipewa na Chama cha Wapiga Gitaa Watu Wazima cha Kilakala. Kilikuwa chama cha walimu, makarani, wastaafu na wafanyabiashara wadogo, watu wenye vitambi na dawa za presha mfukoni. Ujana wao wote walilisikia gitaa likilia kwenye kumbi za mji huu, na sasa, magoti yakiwa yameanza kulalamika, walikuwa wameamua kulishika wenyewe. Walikubaliana wachukue jarida moja kwa mwaka mzima, lisomwe kila Jumamosi ukumbini, na wote wajifunze kutoka humo ili wapige kitu kimoja. Zainabu hakupewa kazi hiyo kwa heshima. Alipewa kwa sababu ana mashine, na kwa sababu alikuwa mwanamke pekee kwenye kamati, na kamati za wanaume hazijui kumpa mwanamke kazi isiyokuwa ya makaratasi au ya sahani.

Jarida la kwanza lilitoka Ulaya. Karatasi zake ziliteleza kama mgongo wa kambare, na nusu ya kurasa zilikuwa matangazo ya magitaa ambayo hakuna mtu wa Morogoro atakayeyagusa. Kila aliyepigwa picha alikuwa kijana mwenye nywele ndefu aliyekunja uso utadhani jino linamuuma. Lilimwahidi msomaji kwamba kabla mwezi haujaisha atakuwa anapiga kwa kasi ya ajabu. Zainabu aliliweka sakafuni. Mtu aliyepita miaka hamsini hatafuti kasi, anayo ya kumtosha kwenye kuzeeka.

La pili liliitwa Kidole na Uzi, nalo lilitoka Mwanza. Lilikuwa jembamba, limebanwa kwa pini, na wino wake ulibaki vidoleni. Lakini herufi zake zilikuwa kubwa, nyimbo zake zilikuwa zile ambazo mtu anaweza kuziimba huku anafua, na halikumwita msomaji kijana hata mara moja. Tena chini ya kila somo waliandika limepatikana kwa nani, na huyo naye alilipata kwa nani, mpaka majina yakaishia kwa fundi baiskeli fulani aliyekwisha kufa zamani. Zainabu alilisoma lote bila kuinuka. Aliona kwamba jarida la watu wazima lenye maana ndilo hilo, kwa sababu mtu mzima ni yule anayeweza kusema amefundishwa na nani bila kuona aibu.

La tatu lilikuwa Nyuzi Sita, la Dar es Salaam. Lilipangwa vizuri, lilielezwa vizuri, na katikati yake, kurasa mbili nzima, kulikuwa na picha ya Mansuri.

Mansuri alikuwa mwenyekiti wa chama, mstaafu wa serikali mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari. Kwenye picha alikuwa amelikumbatia gitaa jekundu. Kando yake kulikuwa na somo la kupiga solo: mistari kadhaa, kila mmoja umechorwa nyuzi sita, na namba juu yake za kuonyesha kidole kikanyage wapi. Somo liliitwa Mtindo wa Mansuri. Mwandishi alimuuliza mtindo huo aliupata wapi, naye akajibu kwamba alijifunza peke yake kwa kuwasikiliza ndege wa milima ya Uluguru.

Zainabu alimjua Mansuri tangu utotoni na hakuwahi kumwona akipanda mlima wowote, hata kile kilima cha kwenda kwenye tangi la maji. Gitaa lile jekundu lilikuwa la Halidi, mjomba wake Zainabu. Solo ile pia ilikuwa ya Halidi. Ndege hawakuhusika.

Halidi aliitunga akiwa kijana huko Mlali, chini ya milima, alipokuwa akiishi kwa dada yake Pili, mama yake Zainabu. Watu wa milimani hawasumbuki kufuatana ili kuitana. Mtu husimama upande wake wa bonde akaliita jina, na mwisho wa jina huupandisha juu sana ili uvuke. Pili alimwita kaka yake hivyo kila jioni aje ale. Halidi akauchukua mwito ule akautia kwenye gitaa, pamoja na ule mwisho wake unaopanda, ambao ulitaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto kiruke mbali na wenzake. Pili alifariki Zainabu akiwa bado shule ya msingi. Hakuacha picha inayoonekana vizuri wala sauti yake kwenye kanda. Aliacha ule mwisho wa jina, ndani ya solo ya kaka yake, na Zainabu alikuwa amejiunga na chama akiwa na mvi zake ili aupige kwa mkono wake mwenyewe kabla hajafa.

Mansuri hakuweza kuupiga. Kidole chake kidogo kilibanwa na mlango wa gari miaka mingi iliyopita na hakikunyooka tena, kwa hiyo pale sauti inapopanda yeye huishusha. Jarida lilichapisha hiyo ya kushuka. Na kwenye video za harusi zilizomo kwenye simu za watu, aliye mbele ni Mansuri na gitaa lililofunguliwa sauti ni alilolishika yeye. Halidi yuko nyuma ya spika, kinaonekana kiwiko.

Mtu angeweza kusema, laiti Halidi angekuwepo akajitetea. Lakini Halidi alikuwepo. Alifariki wakati wa masika, akazikwa Mlali, na Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake ukumbini Kilakala.

Hakuna aliyeuliza sababu, kwa maana sababu ilijulikana. Ukoo wa kina Halidi una watani wake, na msibani mtani ana kazi yake: kuwatukana wafiwa, kumwigiza marehemu, kuyazuia mazishi. Siku ile mtani Shabani alikaa ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia ndani, akatangaza kwamba Halidi haendi popote, tapeli mkubwa huyu, anataka kuondoka kabla hajamfundisha gitaa. Kwa desturi wafiwa humpa mtani kuku, naye huyafuta maneno yake na kuinuka. Lakini msemaji wa msiba alikuwa Mansuri, aliyejipa kazi hiyo mwenyewe, na jioni ile alikuwa na harusi ya kupiga huko Ngerengere. Akamshika Shabani mkono, akamwinua, akasema tutamalizana baadaye. Wafiwa wakadhani kuku ametolewa na chama, chama kikadhani ametolewa na wafiwa. Maneno ya mtani yakabaki pale pale yaliposemwa, na marehemu akayaheshimu.

Alirudi na sanda yake. Daniel, mwalimu wa hesabu ambaye pia alikuwa mtunza vyombo wa chama, alimpa koti kwa ajili ya heshima ya ukumbi. Halidi alikuwa mpole vile vile alivyokuwa, ila mkono wake ulikuwa na ubaridi, na alisikia kwa shida kwa sababu ya pamba aliyotiwa masikioni alipooshwa. Ilibidi mtu amsogelee na kupaza sauti. Zainabu alitaka kuitoa hiyo pamba, lakini sheikh wa mtaa akamwambia kilichowekwa na waosha maiti hakiondolewi na mikono mingine, na habari hiyo ikaishia hapo.

Kabla ya adhuhuri Shabani aliingia dukani, akatua ndoo ya nyanya alizoshuka nazo kutoka Mlali.

“Shikamoo, mtani,” alisema Zainabu.

“Marahaba hailiwi. Kuku wangu yuko wapi?”

“Yupo, nimemfunga uani. Bado simtoi.”

“Ukoo wenu bwana. Mnazika mtu kama mnapanda mhogo, halafu mnakaa mnangoja aote.”

“Leo wanachagua jarida,” alisema Zainabu. “Nataka wamsikie kwanza. Wakishamsikia wakakiri solo ni ya nani, unachukua kuku wako, yeye anakwenda kupumzika.”

Shabani alilifungua Nyuzi Sita kwa kidole chenye maji ya nyanya. Aliitazama ile picha kwa muda.

“Huyu si ndiye aliyeniinua kaburini?”

“Ndiye.”

“Katoka vizuri. Mwizi asiye na wasiwasi hutoka vizuri pichani.”

“Ungemtukana pale pale msibani, mbele ya watu, angeona aibu.”

“Yule si mtani wangu. Mimi nimeruhusiwa kuutukana ukoo wenu tu.” Shabani aliinua ndoo yake. “Na nikwambie kitu, wewe mjukuu wa wachawi. Mjomba wako alipokuwa hai hakujitetea. Leo unamtegemea akiwa maiti?”

Zainabu aliyakusanya majarida yake, akafunga duka.

Ukumbi wa chama uko mtaa wa Kilakala, una viti vya plastiki na bati linalovuja upande mmoja. Halidi alikuwa amekwisha kufika. Alikaa karibu na dirisha linalotazama mlima, ndani ya koti la Daniel, mikono juu ya magoti.

“Shikamoo, mjomba,” Zainabu alipaza sauti kwenye ile pamba.

“Marahaba, mama. Mmeshindaje?” Alimwita mama tangu alipozaliwa, kama wajomba wengi wanavyowaita watoto wa dada zao.

“Leo utawapigia ile solo. Nitawaambia wakupe gitaa lako.”

“Wakitaka,” alisema Halidi.

Hasira zilimpanda Zainabu mpaka macho yakamwasha. Maisha yake yote mjomba yule alisema wakitaka. Walitaka akae nyuma ya spika, akakaa. Walitaka awafundishe bila hata asante, akawafundisha, mmoja mmoja, kwa subira ya punda. Alimpenda sana, na wakati ule ule alitamani kumtikisa mabega mpaka udongo umdondoke.

Mansuri alifungua kikao kwa dua. Aliwaombea wagonjwa, akamwombea marehemu Mzee Halidi, ambaye alisema tunaye hapa leo kama kawaida, na wote wakaitikia amina, Halidi akiwa miongoni mwao. Kisha Zainabu akasimama na majarida yake. Alieleza la Ulaya linauza magitaa na haliwafundishi watu. Alieleza Kidole na Uzi ni baya kwa sura, lakini linakwenda polepole, linasomeka bila miwani, na linataja kila somo limetoka kwa nani. Akaeleza kwamba Nyuzi Sita ni zuri, limepangwa na watu wanaojua kazi, na halifai kwa sababu linasema uongo kurasa mbili za katikati.

Watu wakaanza kutafuta mahali pa kutazama.

“Dada Zainabu ana uchungu wa msiba,” alisema Mansuri kwa sauti yake ya redio. “Tumvumilie. Mimi na Mzee Halidi tulikuwa zaidi ya ndugu. Lakini jarida halichaguliwi kwa uchungu, jamani. Nyuzi Sita limeitaja Morogoro. Limeitaja Uluguru. Hilo la Mwanza limetutaja wapi?”

“Limeitaja Morogoro kwa uongo,” alisema Zainabu.

“Uongo upi? Mhusika si huyu hapa? Mzee Halidi amelalamika?”

Wote wakageuka kumtazama Halidi. Naye alipoona anatazamwa, akatabasamu na kuinamisha kichwa kwa adabu.

“Mpe gitaa lake apige,” alisema Zainabu. “Masikio mnayo.”

“Gitaa la chama.”

“Gitaa la mjomba wangu. Na cha mjomba kwa Waluguru ni cha mtoto wa dada, unalijua hilo kuliko unavyowajua ndege.”

Watu wachache walicheka, wakanyamaza haraka. Mansuri alilitoa gitaa jekundu kwenye mfuko wake, akalifuta kwa leso upande ambao mikono yake hukaa, akampa Halidi. Marehemu alilipokea kwa mikono miwili. Alizikaza nyuzi akiwa ameegemeza kidevu juu ya ubao wa gitaa, kwa sababu ya pamba, akizisikiliza kwa taya. Kisha akapiga.

Alipiga bila kuongeza kitu. Solo ilikwenda kama mtu anayetembea njia ya nyumbani, na ilipofika mahali pake kidole kidogo kikaruka, na Pili akamwita kaka yake kutoka ng'ambo ya bonde. Zainabu aliisikia sauti ya mama yake ikivuka juu ya viti vya plastiki. Wengine nao waliisikia. Aliwatazama nyuso zao mmoja baada ya mwingine, na kwa muda mfupi wote walijua, wala si kwamba hawakujua kabla ya hapo. Vichwa viliinama. Kama kikao kingefungwa dakika ile, haki ingepatikana.

Daniel ndiye aliyewaokoa. Alikuwa amelifungua Nyuzi Sita juu ya mapaja yake na kuzifuata namba kwa kalamu.

“Samahani, Mwenyekiti,” alisema. “Mstari wa tatu, hapa. Kilichoandikwa ni tano. Mzee amekwenda kumi na mbili.”

Wakamwomba Halidi arudie, akarudia. Pili akaita tena, na kalamu ya Daniel ikagonga tena pale pale kwenye tano. Jarida likapitishwa. Kila mtu alilitazama, akalinganisha, akampa mwenzake, na kadiri lilivyozunguka ndivyo vichwa vilivyoinuka. Nafuu iliingia ukumbini kama chai.

“Kweli amekosea,” alisema mmoja.

“Amekosea mara mbili,” alisema mwingine.

“Msimlaumu,” alisema Mansuri kwa huruma. “Ni marehemu. Vidole vimepoa.”

Zainabu alimgeukia Daniel. “Anakoseaje wimbo wake mwenyewe?”

“Dada, mimi ni mwalimu,” alisema Daniel, na alisema kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya na hilo ndilo lililokuwa likiudhi. “Mwanafunzi akinipa jibu tofauti na la kitabu siwezi kumpa alama eti kwa kuwa ni la kwake.”

Hapo Zainabu aliwatukana. Alimwita Mansuri mwizi wa makaburini na Daniel kasuku, na waliobaki akawaambia ni kuku wa kizungu, wanakula walichowekewa na kutaga wanapoambiwa. Aliwaambia kila mmoja wao alifundishwa na yule mzee kushika gitaa, na kwamba hakuna hata mmoja anayestahili kushika mwiko. Walimsikiliza mpaka mwisho. Walimsikiliza kwa uvumilivu ambao watu humpa mfiwa, wakitikisa vichwa taratibu, na mzee mmoja akamsogezea maji ya kunywa. Heri wangemtukana nao.

Mansuri akaitisha kura. Aliyetaka Kidole na Uzi alikuwa Zainabu peke yake. Alipouliza wanaotaka Nyuzi Sita, mikono ikapanda ukumbi mzima. Halidi alitazama kushoto, akatazama kulia, akainua na wake. Mtu mmoja akauliza kama kura ya marehemu inahesabiwa. Katiba ya chama ikatazamwa, nayo inasema uanachama hukoma kwa mtu kutohudhuria vikao, na Halidi alikuwa hajakosa kikao tangu azikwe. Mansuri akasema mwanachama ni mwanachama, akaihesabu.

“Mjomba,” Zainabu alipaza sauti, mdomo karibu na sikio lake, “umeinulia nini mkono?”

“Waliinua wote, mama. Nikaona vibaya kubaki nimekaa tu.”

Kisha akamwomba kitu. Alizikwa bila miwani yake, alisema, na namba zile za jaridani ni ndogo. Je, anaweza kumkuzia ule ukurasa kwenye mashine? Wamemwambia anakosea mstari wa tatu, angependa kuona ni wapi.

Zainabu alimkuzia. Kazi ya kutoa nakala za somo kwa ajili ya chama kizima ilikuwa yake kwa vyovyote vile, na wiki ile aliifanya kwa makini kuliko kazi yoyote ya maisha yake. Alichukua wino mweupe wa kufutia, akaifuta ile tano kwenye mstari wa tatu, akaandika kumi na mbili kwa mwandiko unaofanana na chapa, akasubiri ikauke, akatoa nakala za wote. Jumamosi aliwagawia, ya mjomba ikiwa kubwa kama kalenda. Watu wazima wale wakaziweka mbele yao na kuanza kupapasa nyuzi. Wachache walifika mstari wa tatu, na mmoja wao, karani wa mizani, akaupandisha ule mwito bila kujua anamwita nani. Zainabu alisimama mlangoni akisikiliza.

Daniel akalinganisha nakala na jarida. Hakusema neno la kumwaibisha. Alizikusanya nakala zote, akazirekebisha kwa kalamu nyekundu moja moja, akazigawa upya, na kamati ikaamua kwamba kuanzia wiki inayofuata nakala zitatolewa kwenye steshenari nyingine, ambayo mashine yake haina matatizo.

“Yako ilikuwa na kosa, mama,” Halidi alimwambia kwa kunong'ona, ili asimfedheheshe mbele za watu. “Usijali. Wameshanirekebishia.”

Jumatatu Zainabu alimkamata kuku uani, akapanda gari la Mlali. Alikuwa ameshindwa, na aliona ni heri mzee aende kupumzika huku vidole vyake bado vikiikumbuka njia. Shabani alimpokea kuku, akamshika kifua kuona ana mnofu kiasi gani, akasema ukoo huu hata kuku wao wana njaa. Walikwenda pamoja kaburini. Shabani alisimama pale alipokuwa ameketi siku ya mazishi, akatamka kwa sauti kwamba maneno yake ameyafuta, kwamba Halidi hana deni naye la gitaa wala la kitu chochote, na aende salama. Upepo wa kutoka juu ulipita kwenye migomba. Zainabu alirudi mjini na macho yaliyovimba.

Jumamosi Halidi alikuwa kwenye kiti chake.

Zainabu alimpigia Shabani simu. “Mimi nimemwachia,” alisema Shabani, na kwa mara ya kwanza hakutia tusi. “Kama yuko hapo, anakaa kwa hiari yake.”

Ilikuwa kweli, na haikuhitaji mtu aelezwe. Halidi alifundisha nusu ya mji kupiga gitaa, lakini yeye hakuna aliyewahi kuketi naye kumfundisha kitu. Alijifunza kwa kusikia, peke yake, barazani kwa dada yake. Sasa alikuwa na mwalimu, alikuwa na karatasi, na alikuwa na watu waliomwambia rudia, Mzee, karibu unapata. Alifika kabla ya wote. Ukurasa wake mkubwa aliukunja vizuri na kuutia kwenye mfuko wa koti la Daniel, na inasemekana alikuwa akiusoma njiani.

Zainabu alijaribu kuipiga mwenyewe nyumbani. Mkono wake ni mdogo. Kidole kiliruka, kikaanguka katikati, kikatoa sauti ya mbu. Alimwomba mjomba amwonyeshe ile ya zamani, mara moja tu, na Halidi akamtazama kwa wasiwasi wa mtu anayeombwa kufanya udanganyifu kwenye mtihani. “Tufuate jarida, mama,” alisema. “Tusiwachanganye wenzetu.”

Walifanya somo lile Jumamosi baada ya Jumamosi. Siku moja, mvua ikianza kugonga bati, Mansuri alisimama nyuma ya kiti cha marehemu, akainama, na kwa kile kidole chake kilichopinda akakishika kidole kidogo cha Halidi kilichokuwa kikijiandaa kuruka, akakirudisha chini, akakikalisha kwenye tano. Alikishikilia hapo kidogo, kama mtu anayebandika stempu.

“Haya, tangu mwanzo,” alisema.

Halidi akapiga tangu mwanzo. Alipiga kwa usafi, bila kusita. Solo ilipofika mahali pake, ilishuka. Ilishuka kama ilivyoandikwa, ikaendelea mbele, ikaisha. Watu wazima wale wakapiga makofi, na Daniel akaweka alama ya vema kwenye karatasi. Zainabu, aliyekuwa ameketi kiti cha pembeni, alisikiliza mpaka uzi wa mwisho ukanyamaza. Ng'ambo ya bonde hapakuwa na mtu.

“Nimeipata?” Halidi alimuuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wenye masikio yaliyoziba. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

Ukumbi mzima ulimgeukia Zainabu kungoja aseme. Hakumsogelea, wala hakupaza sauti.

“Hapana, mjomba,” alisema. “Pili haiti tena.”

Halidi alitega kiganja kwenye pamba, akaona midomo imeacha kutembea, akatabasamu.

“Ahsante, mama,” alisema, akairudia.